Hela yako ikale wapi leo? Sehemu za kula Dar es Salaam, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Swali la "tukale wapi?" hapa Dar huulizwa mkiwa tayari kwenye gari. Foleni imesimama pale makutano ya Morocco, kila mtu ana njaa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutaja mahali kwa sababu atakayetaja ndiye atakayelaumiwa chakula kikiwa kibaya. Orodha hii ni ya kumsaidia huyo mtu. Inahusu mlo wa kawaida tu: wewe na mwenzako, au familia, au wanne mliotoka kazini mkiwa na hela ya wastani. Harusi na vikao vya kusaini mikataba vina watu wake.

Nimepanga kwa kuangalia unachopata kwa shilingi uliyotoa: ladha, kushiba, muda wa kusubiri, na nauli. Nauli watu huisahau. Ukitoka Kimara kwenda kula Masaki Ijumaa jioni, bajaji na muda uliokaa barabarani ni sehemu ya bili hata kama mhudumu hajaviandika. Kilichoamua nafasi nyingi zaidi, hata kuliko bei, ni saa. Sehemu ile ile inayokupa wali wa moto saa saba mchana inaweza kukupa saa kumi wali uliopashwa, kwa bei ile ile, na usiwe na pa kulalamika. Kwa hiyo kila ninapotaja mahali, nitataja na saa yake.

Ya kwanza: mkaa wa mjini kati, usiku

Maduka ya Kisutu na Mtaa wa Jamhuri yakishafungwa, mjini kati panakuwa kimya isipokuwa kwenye kona zenye moshi. Inayojulikana zaidi ni Mamboz, kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya: kuku wa mkaa, mishkaki, naan, na meza zilizopangwa nje. Kuna majiko mengine ya aina hiyo mitaa ya jirani na Upanga, na mengi hayana jina kubwa ila yana watu.

Nafasi ya kwanza wameipata kwa sababu za kawaida kabisa. Nyama inachomwa mbele yako na inaisha haraka, kwa hiyo hakuna cha jana. Pombe hakuna, kwa hiyo unaweza kuja na bibi, watoto, na shemeji mwenye swala tano, na wote wakakaa meza moja bila mtu kujisikia vibaya. Ofisi zimefungwa, hivyo maegesho yapo, jambo ambalo mchana mitaa hiyo hiyo ni ndoto. Asiye na gari, basi la mwendokasi linapita hapo hapo.

Agiza mishkaki kwanza, maana ndiyo inayotoka mapema, halafu kuku. Naan iite kidogo kidogo. Ukiagiza sita kwa mpigo, nne utazila zikiwa zimekauka. Ukwaju na pilipili viko mezani na havitozwi, lakini onja pilipili kwa ncha ya kidole kabla hujamwaga. Saa yake ni kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Mwisho wa wiki kuna kusubiri meza, na Ramadhani baada ya tarawehe ndiyo usiseme.

Anayetaka kukaa ndani na sahani yake ya biriani au pilau, Chef's Pride iko mtaa wa Chagga, hatua chache kutoka hapo, na mchana iko wazi. Mitaa hiyo pia ina migahawa ya Kihindi isiyopika nyama kabisa. Wakati wa Kwaresima, Mkatoliki aliyechoka maharage ya nyumbani atakuta sahani yenye dengu, mboga tatu nne, mtindi na chapati, na baadhi yao wanakuongezea dengu bila kukutoza. Hilo watu wengi wa bara hawalijui kwa sababu wanaona mlango wa mgahawa ni wa "wenyewe". Ingia tu.

Ya pili: mama lishe, mchana

Kwa thamani ya hela peke yake, mama lishe angekuwa wa kwanza na asingefukuzwa na mtu. Wali maharage na mchicha kwa karibu Sh 2,000, ukiongeza samaki au nyama unafika Sh 3,000 au 4,000 kutegemea mtaa. Kilichomshusha ni kwamba ana saa mbili tu, na benchi lake si la kukaa kupiga soga wakati fundi amesimama nyuma yako ameshika sahani.

Mahali pa kumpata mzuri ni pale wanapokula watu wa kazi ngumu: gereji za Gerezani na Ilala, nyuma ya maduka ya Kariakoo, kando ya jengo linalojengwa. Dereva wa lori na fundi ujenzi hawarudi mara ya pili kwa mtu anayepima wali kwa kijiko. Fika kati ya saa sita na nusu na saa nane. Kabla hujataja unachotaka, uliza: "Mama, leo kuna nini?" Atakutajia, na kile atakachokitaja kwa sauti ya kujivunia ndicho kilichopikwa vizuri siku hiyo. Ukikuta kisamvu cha nazi, acha mambo mengine yote. Ijumaa wengi hupika pilau, na pilau ya Ijumaa huisha kabla ya saa nane.

Angalia mambo mawili: maji ya kunawa yanatoka kwenye ndoo yenye bomba, na sahani zinaoshwa kwa maji yanayobadilishwa. Masika, hasa kukiwa na tangazo la kipindupindu, kula cha moto kinachofuka na uache kachumbari, hata kama mwenye kibanda ni mtu wako wa miaka mingi.

Ya tatu: baa ya nyama choma

Hapa ndipo hela nyingi hupotea bila mtu kujua imepoteaje, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sinza, Kinondoni, Mwananyamala, Tabata: kila mtaa una baa yenye bucha pembeni na jiko nyuma. Mteja wa kawaida hukaa, huita mhudumu, husema "tuletee mbuzi kilo mbili," kisha hushangaa kinacholetwa. Usifanye hivyo. Inuka uende buchani mwenyewe. Msalimie anayekata, maana kisu kiko mikononi mwake: "Habari ya kazi, mkuu. Nipimie nusu ya mbavu na nusu ya paja." Mbavu ndizo zenye utamu, paja ndilo lenye nyama. Akikuwekea shingo na mifupa ya mgongo, mwambie kwa upole abadilishe kabla mizani haijasomwa. Baada ya hapo mazungumzo yamefungwa.

Kumbuka bei ni ya nyama mbichi. Ikikaa jikoni inapoteza maji na mafuta karibu theluthi ya uzito wake, na bado hujatoa mifupa. Kilo moja ya mbuzi, ikiwa na ndizi za kuchoma na kachumbari, inawatosha watu watatu wanaokula kawaida. Wanne wenye njaa ya kweli waongeze nusu. Ng'ombe ni rahisi zaidi mfukoni. Nundu ikichomwa taratibu ina mafuta yanayokufanya usahau mbuzi, ila isikae ikapoa, maana mafuta yakiganda imekwisha.

Halafu kuna kusubiri. Nyama iliyochomwa vizuri huchukua dakika arobaini hadi saa nzima. Ikija baada ya dakika kumi, ilikuwa imeshachomwa kwa ajili ya mtu mwingine au kwa ajili ya jana. Katika huo muda wa kusubiri ndipo baa inapopata faida yake. Wanne wanaokunywa bia mbili mbili wakingoja wamekwisha kununua kilo nyingine bila kuila. Dawa yake ni kuagiza nyama kwanza, kabla ya kiti na kabla ya kinywaji, au kupiga simu jikoni mkiwa bado njiani. Baa nyingi zinakubali kama wanakufahamu sura.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni ulimwengu mwingine, na wanaoipenda hawahitaji mwongozo wangu. Nitasema tu kwamba kama mezani kuna Mwislamu, usichague sehemu inayouza kitimoto ukamwambia "wewe utakula kuku." Jiko ni moja. Nenda namba moja kwenye orodha hii.

Siku ya Simba na Yanga, usiende baa kwa nia ya kula. Jiko linazidiwa, mhudumu hasikii, na mpira ukiisha vibaya hata bili hugeuka mjadala. Jumapili saa tisa alasiri ndiyo saa nzuri: mkaa umekolea, nyama ni ya asubuhi hiyo, na watu wa usiku hawajafika.

Lakini kama ungeniuliza baa inauza nini kwa bei ya haki kuliko vyote, nisingekujibu nyama choma. Ningesema supu ya asubuhi. Kati ya saa moja na saa nne, baa hizo hizo zinauza supu ya mbuzi, kongoro au utumbo, na chapati mbili, ndimu na pilipili. Hakuna bia ya kukuvizia, hakuna kusubiri, na supu imechemka tangu alfajiri. Jumamosi asubuhi utawakuta hapo watu waliolala saa tisa usiku na watu wanaotoka mazoezini, wote wameinamia bakuli.

Ya nne: samaki

Mji uko baharini na bado mtu anaweza kuishi Dar miaka akila sato wa Ziwa Victoria akidhani ni wa hapa. "Samaki mzima na ugali" kwenye menyu nyingi ni sato. Si mbaya, ila kama umetamani bahari, uliza: "Ni sato au ni changu?"

Kwa samaki wa bahari mwenye bei ya kueleweka, nenda Feri, soko la Magogoni, mwisho wa mwendokasi wa Kivukoni. Unanunua mbichi, unampa anayepara kwa hela kidogo, unampelekea mkaangaji. Angalia macho yawe angavu, mashavu mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Changu ni wa kukaanga. Nguru na kolekole wapeleke kwenye nazi. Jodari mwogope mkaangaji mwenye haraka, kwa sababu akizidisha moto unatafuna kama gome la mti. Pweza na ngisi vilivyokwisha kupikwa vinauzwa vipande vipande hapo hapo. Asubuhi ndiyo saa yake. Mchana jua na harufu vitakushinda, na samaki pia wanakuwa wamechoka. Msimu wa kusi, upepo ukichafua bahari, vyombo vidogo haviendi mbali na bei inapanda, kwa hiyo usimshushue muuzaji kwamba wiki jana ulinunua kwa nusu yake.

Si kila mtu anataka kushika samaki kwa mkono akiwa amevaa nguo ya kutoka. Wao wana Samaki Samaki, baa na mgahawa wa vyakula vya baharini wenye muziki mkubwa, mahali pa kwenda kundi na si pa kwenda kuzungumza. Na wana Kigamboni. Huko unavuka kwa pantoni, au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, ambalo nalo lina tozo yake. Fukwe nyingi za huko zinatoza kiingilio mwisho wa wiki, na baadhi hukikata kwenye bili ya chakula, kwa hiyo uliza getini, si mezani. Samaki agiza mkifika tu, kabla hamjaingia majini. Kuogelea kunaleta njaa ya ajabu, na hakuna kitu kirefu kama kusubiri samaki ukiwa na chumvi mwilini.

Coco Beach naiweka hapa ingawa nguvu yake ni muhogo. Mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa, ikajazwa kachumbari na pilipili na ukwaju, pamoja na mishkaki au kipande cha pweza, jioni ya Jumapili: kwa noti moja ya msimbazi (Sh 10,000) mnashiba wawili na mnarudi na chenji. Usitafute zaidi ya hapo.

Ya tano: Addis in Dar

Kwa siku ambayo wali umekuchosha. Iko Mtaa wa Ursino, Regent Estate, na ni chakula cha Ethiopia kinacholiwa kwa mkono kutoka sinia moja: mkate mwembamba wa injera chini, michuzi juu yake. Mswahili hahitaji kufundishwa kula sinia moja. Injera ina uchachu kidogo. Asiyeuzoea aanze na shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde) au dengu kabla ya nyama yenye viungo vikali. Wawili wanatosheka na sinia moja ya mchanganyiko, kwa hiyo bei inayoonekana kubwa kwenye menyu igawe kwa mbili kwanza. Nenda usiku, na usiwe na haraka, maana kahawa yao ya mwisho hutengenezwa taratibu na ndiyo nusu ya raha.

Ya sita: Masaki, kwa ajili ya upepo

Sina ugomvi na Masaki. Ninachosema ni kwamba unachonunua huko ni upepo na meza, na chakula kinakuja kama nyongeza. Sahani moja kwenye migahawa ya ufukweni huanzia kama Sh 25,000 na kupanda, na kwa hela hiyo watu wawili pale kona ya Libya wanakula hadi wanafungua mkanda.

Ukiamua kwenda, basi nunua hiyo meza vizuri. Bahari ya Dar iko mashariki, hivyo sehemu nyingi jua linazama nyuma ya mgongo wako, upande wa nyumba za watu. Anayetaka kuliona likizama juu ya maji aende upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, kama pale Slipway, na awe amekaa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Karambezi, kwenye hoteli ya Sea Cliff, iko ukingoni mwa mwamba, na mawimbi unayasikia chini yako. Hapo mchana pia panafaa. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, limepunguza adha kwa wanaotoka mjini waliozoea kubanana kwenye Daraja la Selander. Wa Mbagala na Kimara bado tunawaombea.

Kabla ya kuagiza, soma maandishi madogo chini ya menyu. Kodi ya ongezeko la thamani kwa kawaida ni asilimia 18, na kuna sehemu zinazoandika bei kabla ya kodi, kisha zikaongeza na gharama ya huduma. Sahani ya Sh 30,000 inaweza kukufikia mwisho ikiwa imevuka 35,000. Uliza moja kwa moja: "Dada, hii bei ina kodi ndani?" Ukikuta bei za dola, kumbuka kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja au kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo omba menyu ya shilingi bila aibu. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ichukue.

Njia wanayoitumia wenyeji wenye akili ni hii: kinywaji kimoja kimoja na sahani ya ngisi ya kugawana wakati jua linazama, halafu saa moja na nusu mnaondoka kwenda kula chakula chenyewe mjini kati.

Ya saba: ndani ya jengo la maduka

Mlimani City na wenzake. Kuku wa kampuni za kigeni, piza, baga. Kiyoyozi kipo, choo ni kisafi, maegesho yapo, na mvua ya masika haikugusi. Ukiwa na watoto watatu na mmoja ana siku yake ya kuzaliwa, hapa panapanda mpaka nafasi ya pili, nakubali. Vinginevyo unakula ambacho ungekila Nairobi au Dubai. Sina la kuongeza.

Kuhusu kulipa

Mama lishe na Coco, beba noti ndogo. Kwingine Lipa Namba, yaani kulipa kwa simu, imeenea, lakini soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, na mwonyeshe mhudumu ujumbe ukiwa bado umekaa. Mtandao ukigoma saa tatu usiku, mwenye hela taslimu ndiye anayeondoka. Bahashishi si lazima. Mhudumu aliyekuhangaikia mwachie hela ya soda au zaidi, mkononi mwake.

Na chipsi?

Chipsi mayai sikuzipa namba kwa sababu hakuna anayepanga kwenda kula chipsi. Zinakukuta. Ni saa nne usiku, umeshuka daladala, nyumbani hakuna kilichopikwa, na kibanda kina taa. Basi angalia mafuta kwanza, yasiwe meusi. Kisha angalia kabati la kioo: viazi vilivyorundikwa humo vimekaangwa tangu jioni, na muuzaji atataka kuvizamisha tena kwenye mafuta akuvunjie mayai juu yake ili usivijue. Sema unataka za moto, zitoke kwenye ndoo ya viazi vibichi. Zitachukua dakika kumi zaidi. Akikataa, vuka barabara. Kuna mwingine.